Fundi umeme ughaibuni: leseni kwanza, bisibisi baadaye

Vijana wa nyumbani huniuliza mara kwa mara: "Kaka, mimi ni fundi umeme. Nikifika Sydney nitapata kazi?" Huwajibu kwamba watapata, ila si siku ya kwanza. Katika jimbo la New South Wales, kazi yoyote ya kufunga nyaya za umeme nyumbani inahitaji leseni, hata kama ni soketi moja tu. Mpaka rangi anaweza kufanya kazi ndogo bila leseni mradi gharama yake isizidi dola 5,000. Kwa umeme hakuna kiwango kama hicho.

Naishi Cabramatta, kusini-magharibi mwa Sydney. Wavietnamu walianza kufika hapa kwa wingi baada ya vita vyao kwisha mwaka 1975, na wengi walipitia hosteli za wahamiaji za maeneo haya. Leo maduka mengi ya John Street ni yao. Ukipita pale unaona kwamba mgeni anaweza kuinuka, ila hainuki kwa njia ya mkato.

Nilikuja na cheti cha VETA na uzoefu wa miaka 11 wa kufunga umeme Morogoro. Hapa hakuna aliyesema sijui kazi. Waliuliza tu nitathibitishaje.

Ufundi wa mtu aliyesomea nje hupimwa na Trades Recognition Australia, chombo cha serikali kuu. Wao huchunguza vyeti, matokeo ya masomo, barua za waajiri na ushahidi kwamba kweli ulilipwa kwa kazi hiyo, na huweza kukupima kwa vitendo. Wakiridhika wanakupa hati ya kutambua ufundi wako. Hati hiyo bado si leseni. Inakufungulia njia ya kufanya kazi chini ya fundi mwenye leseni huku ukisomea kanuni za Australia, mpaka upate cheti cha hapa cha ufundi umeme. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali cha jimbo.

Masomo hayo yana maana yake. Umeme wa huku ni volti 230, kama wa nyumbani Tanzania, lakini soketi zake ni tofauti. Ndani ya ukuta kwa kawaida utakuta waya mwekundu wenye moto na mweusi wa nyutro. Kwenye ubao mkuu wa nyumba, nyutro huunganishwa na waya wa ardhi. Saketi za nyumba lazima ziwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Yote yameandikwa katika kitabu cha kanuni kiitwacho AS/NZS 3000. Umeme haukisiwi, hata uwe fundi wa miaka 30.

Kipindi hicho cha kusubiri kilikuwa kigumu. Mchana nilibeba rola za nyaya kama msaidizi, jioni nilisoma. Mke wangu alishika bajeti ya nyumba kwa mshahara wa kibarua, na nyumbani walidhani nimeshatajirika.

Vishawishi vya kazi za pembeni havikukosekana. Mama mmoja wa Bukavu, jirani yetu, aliniomba nimwongezee soketi jikoni kwa dola 100. "Wewe ni mtoto wetu, fundi, nani atajua?" Nilimwambia: "Mama, nyumba ikishika moto, watoto wako ndio watakaoumia, na bima inaweza kukataa kulipa." Nilimtafutia fundi mwenye leseni. Alininunia wiki mbili, kisha akaniletea sombe.

Ukipata kibali, jua ngazi zake. Cheti cha fundi kinakuruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi. Cheti cha msimamizi kinakuruhusu kusimamia wengine. Leseni ya mkandarasi ndiyo inayokuruhusu kuingia mkataba na mteja na kujitangaza kwa jina lako.

Wewe ambaye hujasafiri, anza leo. Waombe waajiri wako barua zenye tarehe, saa za kazi na kazi ulizofanya hasa. Tunza hati za mshahara na mikataba. Mwajiri wangu mmoja alikuwa ameshafunga biashara, na kumpata kukanichukua miezi minne ya simu. Nyaraka za Kiswahili lazima zitafsiriwe. Mwenye viza ya ukaazi wa kudumu huweza kutafsiriwa nyaraka hadi 10 bure na serikali katika miaka miwili ya mwanzo, basi usiuache muda huo ukupite. Na ukitaka kukanyaga eneo lolote la ujenzi, hata kama kibarua, fanya kwanza kozi ya usalama ya White Card.

Bisibisi utainunua hukuhuku. Barua ya mwajiri wa Morogoro haiuzwi Cabramatta.