Mlango mwembamba haukuwa ujinga



Tukiingia katika jengo la zamani lililoachwa, mara mingi tunakutaka mlango mwembamba sana: mtu anapita kwa ubavu, mwenye gunia kichwani hapiti kabisa. Jibu tunalopeanaka mbio ni moja: «watu wa zamani walikuwa wafupi.» Hapana. Ufupi wa mtu hauelezi wembamba wa mlango. Sababu za kweli ziko ingine, na ya mwisho inatuhusu sisi leo.

1. Kulinda ukuta. Udongo na jiwe vinavumilia kugandamizwa, lakini vikipindwa vinapasuka. Kwa hiyo juu ya kila mlango lazima pawe kitu cha kubeba ukuta: mti, jiwe refu ao upinde. Ukiongeza upana wa mlango mara mbili, na uzito umejipanga sawasawa juu, nguvu inayopinda ule mti inakuwa mara nne. Pasipo mti mgumu na mrefu, fundi anapunguza upana. Ni hesabu, si ufupi.

2. Kuzuia adui. Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, Bethlehemu, lina mlango wa karibu mita 1,2 kwa urefu. Kila mtu anainama. Ila juu yake unaona alama za mlango mkubwa wa mbele, uliozibwa kwa mawe. Watu hawakurefuka kisha wakafupika! Walipunguza mlango ili farasi na mikokoteni visiingie.

3. Kulinda chakula. Hapa ndipo agronome anasimama. Kule Ksar Ouled Soltane, kusini mwa Tunisia, vyumba vya nafaka vimepangwa kimoja juu ya kingine, mpaka ghorofa nne, kila kimoja na mlango mdogo. Kwenye miamba ya Bandiagara, Mali, Wadogon nao walijenga maghala ya udongo yenye kamlango kadogo ka mbao, juu kidogo ya ardhi.

Faida yake ni nini? Ukuta mnene wa udongo unapata joto polepole, na tundu dogo linaingiza hewa kidogo. Joto likipandapanda na kushuka, unyevu unatembea ndani ya nafaka, kisha ukungu unaanza. Panya na fukusi pia, njia yao inapungua. Na mwizi hawezi kutoka mbio na gunia.

Lakini tuelewane: mlango mdogo unalinda ukavu, hauleti ukavu. Mahindi ukiyafungia yangali mabichi, yataoza hata ghala liwe zuri namna gani. Kwanza anika mpaka unyevu ufike karibu 13 kwa mia, ndipo ufunge.

Sasa leo tunajenga depo zenye mlango mmoja wa kuingiza kamio. Kwa kupakia, ni vizuri. Lakini kila siku unafungua ule mlango wote juu ya gunia moja la kuuza, na hewa ya mvua inaingia kwa magunia yote. Kisha tunashangaa juu ya nini mahindi ya mwezi wa sita hayana bei mwezi wa kumi. Si lazima kurudi kwa tundu la babu. Tenganisha tu: chumba cha kuuza kila siku, na chumba cha akiba kinachofunguliwa mara chache, mlango wake mdogo na wenye kubana.

Basi, ukifika kwenye jengo lililoachwa, pima upana wa mlango, tazama kilichobeba ukuta (kama kimeoza ao kimepasuka, usipite chini yake), kisha tafuta alama za kufungia. Zikiwa upande wa ndani, watu walikuwa wanajilinda. Zikiwa upande wa nje, kuna kitu kilikuwa kinalindwa, ao mtu alifungiwa humo.

Na kama kijijini kwenu ghala la zamani lingali limesimama, mbele ya kulibomoa, uliza wazee: nafaka ilikuwa inamaliza miezi mingapi humo? Jibu lao lilete hapa tujifunze wote.