Ferrari ilivyompa usukani mtu wa chipu

Louis Camilleri alipostaafu Desemba 2020, kampuni ya magari ya kifahari ya Ferrari, Italia, haikumrithisha fundi wa magari. Septemba 2021 nafasi ya mtendaji mkuu ilishikwa na Benedetto Vigna, mwanafizikia kutoka STMicroelectronics, watengenezaji wa chipu za simu na mashine.

Chipu huuzwa kwa mamilioni. Ferrari huuza kwa kuhesabu. Mkulima aliyeona bei ya nyanya ikiporomoka soko linapofurika ataelewa sababu, ingawa nyanya, tofauti na gari, haisubiri mnunuzi. Vigna hakuvunja utaratibu huo. Magari yaliyofikishwa kwa wateja yaliongezeka kutoka 11,155 mwaka 2021 hadi 13,752 mwaka 2024, lakini faida halisi ilipanda kutoka euro milioni 833 hadi zaidi ya bilioni 1.5.