Nguruwe amenona, mbona hashiki mimba?

Kwa mfugaji wa Mulungwishi, kwenye barabara inayotoka Likasi kuelekea Fungurume, nguruwe jike ni akiba: watoto wake wakiuzwa, karo ya shule inapatikana. Ndiyo maana jike aliyenona, akapandwa mara kadhaa na asishike mimba, huzua maneno nyumbani. Mmoja atataja uchawi, mwingine atalaumu pumba za mahindi. Sayansi ina maelezo mengine, na yalianzia kwa panya.

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine nchini Marekani, walionekana panya waliokula bila kushiba. Walifikia uzito mara tatu ya wenzao, nao walikuwa tasa. Chanzo kilikuwa badiliko katika jeni moja tu, lakini ilichukua miaka 45 kuipata. Mwishoni mwa 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambua.

Kwa jeni hiyo, mafuta ya mwili hutengeneza homoni iitwayo leptini, ambayo husafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo na kupeleka habari kwamba akiba ipo. Habari ikifika, hamu ya kula hupungua na viungo vya uzazi huruhusiwa kufanya kazi. Isipofika, ubongo hudhani kuna njaa hata kama mwili umejaa mafuta, na wakati wa njaa mwili haukubali mimba.

Mwaka 1996 panya majike wenye kasoro hiyo walidungwa leptini, wakazaa. Wenzao waliopunguziwa chakula hadi wakakonda walibaki tasa. Tatizo, basi, halikuwa unene wenyewe.

Nguruwe naye ana leptini. Hata hivyo, jike wa kijijini asiyeshika mimba mara nyingi amezidishiwa chakula, ni mgonjwa, au dume ndiye mbovu. Hayo yachunguzwe kwanza kabla ya kulaumu jeni (au jirani).

Lakini jeni zina mlango wao. Panya wale walirithi nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja huonekana mzima. Dume mmoja akiachwa awapande binti zake, nakala za aina hiyo hukutana kwa urahisi. Dawa ni dume wa ukoo mwingine. Gharama yake ni safari ya kumpeleka jike kijiji cha pili, na labda mtoto mmoja wa nguruwe kwa mwenye dume.