Mita 7 za mraba: hesabu ya kuipa ngazi sura mpya Rubavu

Mwenye nyumba ya ghorofa mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda, akitaka kubadilisha sura ya ngazi, swali lake la kwanza huwa bei ya taili. Kabla ya bei, achukue futi kamba.

Tuchukue ngazi ya zege iliyonyooka, upana mita 1, inayopanda mita 2.8. Ina vimo 16 vya sentimita 17.5 na sehemu 15 za kukanyagia zenye kina cha sentimita 28, kwa kuwa hatua ya mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. Sehemu za kukanyagia ni mita 4.2 za mraba, nyuso za mbele ni 2.8. Jumla ni mita 7 za mraba. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyovunjika, unanunua 7.7.

Eneo ni dogo, na hilo hubadilisha hesabu ya fedha. Taili inayozidi nyingine kwa faranga 10,000 kwa mita ya mraba inaongeza faranga 77,000 kwenye ngazi nzima. Tofauti hiyo hiyo kwenye sakafu ya mita 60 za mraba, pamoja na asilimia 10 ileile, ni faranga 660,000. Basi ubora ununuliwe hapa, hasa taili yenye uso mkavu usioteleza. Gharama hujificha kwenye ufundi: kila kipande hukatwa, na kingo za mbele peke yake ni mita 15. Patana na fundi kwa kila hatua. Ukimlipa kwa mita ya mraba, atalazimika kukimbiza kazi.

Hesabu nzito zaidi ni ya unene. Taili na gundi yake vikifika sentimita 1.5, kila hatua inapanda kwa kiasi hicho, kwa hiyo vimo vya katikati havibadiliki. Lakini sakafu za chini na juu zikibaki zilivyo, cha kwanza kinakuwa sentimita 19 na cha mwisho 16. Ukichagua mawe ya volkeno, amakoro, yaliyokatwa kwa sentimita 3 juu ya sentimita 2 za mota, cha kwanza kinafika 22.5 na cha mwisho kinashuka hadi 12.5. Kanuni za nyumba za Marekani huruhusu vimo vya ngazi moja vitofautiane kwa milimita 9.5 tu. Mguu hukariri kimo cha hatua ya kwanza na kukitarajia hadi mwisho. Kikibadilika, mzee au mtoto anaanguka.

Dawa ni mbili. Panga ngazi pamoja na sakafu za chini na juu, zote zipande kwa unene uleule. Au bandua niru ya zamani kwanza, uingize taili mahali pake.

Kuna pia uzito. Jiwe gumu la volkeno lina takriban kilo 2,700 kwa mita ya ujazo. Pamoja na mota yake, sehemu za kukanyagia peke yake zinaongezewa karibu kilo 500. Taili na gundi hazizidi sana kilo 130. Baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata ilipasua majengo mengi ya Rubavu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza uzito, kagua tumbo la ngazi na pale inapokutana na ukuta. Ufa unaopita kwenye zege uonwe na mhandisi kabla haujafunikwa, maana taili huficha ufa bila kuuponya.

Mwenye fedha kidogo ana njia salama: rangi ya sakafu. Nyuso zote pamoja na tumbo la ngazi, mita 5 za mraba, ni mita 12. Lita moja hufunika takriban mita 10, hivyo mikono miwili inahitaji lita 2.4. Unene wake hauvurugi kimo chochote.

Kilichobaki kiende kwenye mkono wa ngazi. Urefu wake ni mita 5 kwa mshazari. Ukiacha sentimita 10 kati ya nondo za sentimita 2, ili kichwa cha mtoto kisipite, unahitaji nondo 35 hivi, kwa kuwa nafasi hupimwa kwa usawa, kwenye mita 4.2 za sehemu za kukanyagia. Ikiwa bajeti haitoshi kwa taili na mkono pamoja, paka rangi na uweke mkono. Taili zitasubiri mwaka mwingine bila kumuumiza mtu.