Ngumi ya Keroro: Muvi Iliyomtoa Jackie Chan

Wasee wengi wanamjua Jackie Chan kama ule mnoma wa kuruka maghorofa akicheka. Lakini kabla ya 1978 huyo chali alikuwa anahustle Hong Kong na hakuna muvi yake ilikuwa inashika. Iliyomtoa inaitwa Drunken Master, na mi nasema bila kupepesa: hakuna muvi ya kung fu ya kuchekesha imewahi kuifikia.

Story inaanza na pengo. Bruce Lee alidedi Julai 1973, akiwa na miaka 32 tu, na maprodusa wote wa Hong Kong wakaanza kutafuta Bruce mwingine. Dairekta Lo Wei, msee aliyefanya The Big Boss na Fist of Fury na Bruce mwenyewe, akamsaini Jackie na kumpea muvi kama New Fist of Fury ya 1976. Form ilikuwa ile ile: sura ngumu, hasira, kulipiza kisasi. Watu wakakataa. Jackie hakuwa na hiyo sura, na ukilazimishwa kuwa mtu mwingine, kamera inajua.

Hapo ndio Ng See-yuen, mwenye kampuni ya Seasonal, akaenda kumwomba Lo Wei amwazime huyo chali kwa muvi mbili. Dairekta akawa Yuen Woo-ping, mpangaji wa vita ambaye hata hakuwa amewahi kuongoza muvi. Ya kwanza, Snake in the Eagle's Shadow, ikatoka mapema 1978 na ikabamba. Ya pili ilikuwa Drunken Master, Oktoba mwaka huo huo. Hiyo sasa ikawasha moto: iliingiza zaidi ya dola milioni 6 za Hong Kong, na kwa hizo siku hiyo ilikuwa doo ya maana.

Walifanya nini? Walimchukua Wong Fei-hung, mwalimu wa ukweli wa kung fu na daktari kutoka Guangdong, aliyeaga 1925. Kwa Wakantoni huyo ni mzae wa heshima. Muigizaji Kwan Tak-hing alikuwa amemcheza kwa muvi nyingi tangu 1949, kila saa akiwa mtulivu, wa maadili. Yuen na Jackie wakauliza: alikuwaje akiwa kijana? Wakamtoa akiwa mkaidi wa mtaa. Anamchezea mwalimu msaidizi wa buda yake. Anakatia manzi sokoni, anachapwa na mathe wa huyo manzi, kisha akifika home anagundua huyo mathe ni shangazi yake na manzi ni binamu yake. Anaingia hoteli kumanga bila ganji, ngori inalipuka.

Buda yake akichoka, anamleta So, mzae mlevi wa kuombaomba anayeogopwa kwa kunyoosha wanafunzi. Huyo ni Yuen Siu-tien, buda wa dairekta mwenyewe, mzae wa opera ya Kichina aliyekuwa amepita miaka 60. Pua nyekundu, nguo zimechanika, kibuyu cha tei mkononi. Aliaga Januari 1979, miezi michache tu baada ya muvi kutoka.

Sasa cheki ile sini ya maji. Jackie ameninginizwa kichwa chini, ndoo ya maji iko chini yake, na juu karibu na miguu yake kuna chombo kingine. Amepewa vikombe viwili vidogo. Anachota chini, anakunja tumbo hadi juu, anamwaga, anarudi. Sura yake inakufanya ucheke, lakini kamera iko mbali kidogo na inaonyesha mwili wote. Hakuna mahali pa kuficha. Hizo misuli ni zake. Alizipata tangu akiwa mtoto wa miaka 7, kwa shule ya opera ya mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, mahali mazoezi yalikuwa ya kutwa nzima na viboko havikukosa.

Hapo ndio siri ya hii muvi iko. Kicheko chake hakitoki kando ya vita, kinatoka ndani ya vita. Mtindo wa ulevi unakaa mchezo: vidole vimekunjwa ka vimeshika kikombe, magoti yanayumba, msee anaanguka. Halafu unaona kuanguka kwenyewe ni pigo. Kuyumba hivyo bila kukosa hatua hata moja kunataka mwili ulio macho kabisa. Keroro haikufundishi hiyo, jasho ndio inafundisha.

Na maumivu yalikuwa ya ukweli. Adui wa mwisho ni Hwang Jang-lee, bingwa wa taekwondo kutoka Korea mwenye mateke ya kutisha, na Jackie aliumia vibaya mfupa wa juu ya jicho akirekodi hii muvi.

Kwa hiyo fainali, kijana anatumia mitindo ya wale walevi wanane wa hadithi za Kichina. Saba anazijua. Ya nane, ya mwanamke Ho, hakuisoma ju aliona ni ya kike. Anakubali mbele ya mwalimu, na So anamwambia aunganishe zile saba abuni yake. Hapo ndio anashinda.

Kutoka hapo Yuen Woo-ping alienda hadi akapanga vita za The Matrix ya 1999, na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, alisema wazi kwamba Drunken Master ilimshika sana.

Kama umelelewa na muvi zenye sauti ya DJ Afro, hii ni ya kwako kabisa. Itafute weekend hii, uicheki kwa Kikantoni, na mbogi yako yote mkiwa hapo. Na kama uko na kipaji, wacha kuiga msee mwingine hata kama ni mkali aje. Jackie aliacha kuwa Bruce, ndio tukamjua.