Fahamu: Jumapili bila padre, katekista anaongoza nini?

Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008, linahudumia wilaya za Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania. Humo, kama kwingineko, parokia huwa na vigango kadhaa, na padre hawezi kuadhimisha Misa kote kila Jumapili. Asipofika, katekista huongoza Ibada ya Neno: masomo, mafundisho, sala za waumini, Baba Yetu. Akiwa na idhini, hugawa Komunyo iliyotoka kwenye Misa ya awali.

Ibada hii si Misa. Kanuni ya 907 ya Sheria za Kanisa inamkataza shemasi na mlei kusali Sala ya Ekaristi. Mwongozo wa Roma wa 1988 unaongeza kwamba mlei anayeongoza haketi kwenye kiti cha padre, hasemi “Bwana awe nanyi”, wala habariki watu. Huomba baraka pamoja nao, akiwa mmoja wao.

Je, kwenye Misa walei ni watazamaji? Hapana, na hili ndilo husahaulika zaidi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka washiriki kikamilifu. Padre husali Sala ya Ekaristi kwa niaba ya wote, na ile “Amina” ya mwisho wake ni ridhaa yao. Iimbwe kwa nguvu, hadi benchi la nyuma.