Kitenzi cha Mwigizaji: Nafasi ya Sarufi ya Kiswahili katika Mafunzo ya Uigizaji

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu mafunzo ya mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, na unayatazama kwa jicho la mwanaisimu. Tunajiuliza hivi: mwalimu amwambie nini mwanafunzi aliyesimama jukwaani ili maneno aliyoyakariri yageuke kuwa tendo? Majibu yaliyotolewa Urusi na Marekani katika karne ya 20 yamesomwa sana na wanafunzi wetu, aghalabu kwa Kiingereza. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sarufi ya Kiswahili ina msaada wake kwa swali hilo, nao haujatumiwa ipasavyo. Mifano nitaichota zaidi Usukumani, hususan Shinyanga na Geita. Huko mwigizaji kijana huanza na lugha mbili kinywani, na baadhi ya mambo anayotakiwa kuyaigiza yamewahi kugharimu maisha ya watu.

2.0 Kutoka Moscow hadi New York

Konstantin Stanislavski (1863–1938), aliyeanzisha jumba la maonyesho la Moscow Art Theatre mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alichoshwa na uigizaji wa ishara zilizokaririwa: mkono kifuani kuashiria mapenzi, kiganja usoni kuashiria huzuni. Alitaka mwigizaji aishi ndani ya mhusika. Mojawapo ya njia alizozijaribu mapema ni kumbukumbu ya hisia, yaani mwigizaji kurejea tukio la maisha yake mwenyewe ili hisia ya siku ile imrudie na aitumie katika onyesho.

Njia hiyo ilivuka bahari. Kikundi cha Group Theatre kilipoanzishwa New York mwaka 1931, Lee Strasberg aliifanya kumbukumbu ya hisia kuwa kiini cha mazoezi. Mwaka 1934 mwigizaji mwenzake, Stella Adler, alikutana na Stanislavski mjini Paris na kufanya naye kazi kwa majuma kadhaa. Aliporudi alieleza kwamba mzee huyo alikuwa ameuhamishia mkazo kwenye matendo ya mhusika na mazingira aliyomo. Strasberg hakukubaliana naye. Actors Studio ilianzishwa mwaka 1947 na Elia Kazan, Cheryl Crawford na Robert Lewis, na kuanzia mwaka 1951 Strasberg akawa mkurugenzi wake wa sanaa. Mafundisho yake yakaenea duniani kwa jina la Method, ambayo hapa tutaiita Mbinu. Adler alifungua shule yake mwaka 1949 na kuendelea kufundisha kwamba mwigizaji aanze na tendo.

Mgogoro huu ndio unaotuhusu. Upande mmoja husema: itafute hisia, tendo litafuata. Upande wa pili husema: tenda, hisia itakuja yenyewe.

3.0 Mafunzo ya Uigizaji Nyumbani

Mafunzo ya uigizaji kwetu hayakuanza na vyuo. Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na mapokeo huvihusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo maana yakabuniwa mambo ya kustaajabisha, kama kucheza na nyoka, wanasesere, na majembe yarushwayo juu katika bugobogobo. Mchezaji wa ngoma hizo hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake ni kumfanya mtu fulani afanye jambo fulani, yaani aache kundi la pili aje kwake.

Katika ngazi ya taasisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981; mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, wilayani Kwimba, kuendesha sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanakijiji wenyewe walichunguza matatizo yao, ikiwemo mimba za wanafunzi, wakayatungia maonyesho kwa ngoma na maigizo, kisha wakayajadili. Mwigizaji wa Malya alikuwa anaigiza mbele ya majirani waliomfahamu, na jioni ile ile alirudi kuishi nao.

Njia ya tatu ni vikundi vya maigizo ya mjini na ya televisheni. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2012, alijulikana kwa umma kupitia kikundi cha Kaole kabla ya kuwa nyota wa filamu. Katika vikundi vya aina hiyo mwigizaji mara nyingi hupewa kisa, mahali na uhusiano wa wahusika, kisha maneno huyabuni papo hapo. Shule hiyo haina kitabu, lakini ina nidhamu yake: asiyemsikiliza mwenzake hana la kujibu.

Hivyo basi, ngoma, Malya na Kaole zinafanana katika jambo moja. Zote humwelekeza mwigizaji kwa mtu mwingine, awe mtazamaji au mwigizaji mwenzake.

4.0 Kitenzi cha Hali na Kitenzi cha Tendo

Sasa tuitazame lugha ya mazoezi. Mwongozaji anapomwambia mwigizaji “huzunika” au “kasirika”, anatumia vitenzi vyenye kiambishi -ik-, ambacho katika matumizi haya huonyesha hali inayompata mtu. Kisarufi amri hizo zinakubalika; kiutendaji hazitekelezeki. Mtu hahuzuniki kwa kuamriwa. Mwigizaji mtiifu atakunja uso na kushusha sauti, na hapo tumerudi kwenye ishara zilizomchosha Stanislavski.

Mwongozaji akibadili na kusema “onyesha huzuni”, hali huwa mbaya zaidi. Kitenzi sasa kina yambwa, lakini yambwa hiyo ni hisia. Mwenzake aliyesimama mbele yake ameondolewa katika sentensi, na punde si punde ataondolewa katika onyesho.

Tulinganishe na vitenzi hivi: mtulize, mbembeleze, mtishe, mchokoze, mwaibishe, mlize, mnyamazishe. Kila kimoja kina kiambishi cha yambwa -m- (au -mw- mbele ya irabu), na vingi vina kiambishi cha kusababisha. Katika neno moja tunapata anayeamriwa, tendo, na mtu anayetendewa. “Lia” humtazamisha mwigizaji ndani ya nafsi yake. “Mlize” humtazamisha machoni mwa mwenzake. Adler alilazimika kulieleza wazo hili kwa maelezo marefu. Mnyambuliko wetu unalibeba kwa silabi tatu.

Tahadhari moja ya kiisimu inahitajika. Kuwapo kwa yambwa peke yake hakutoshi. Vitenzi penda, chukia na ogopa huchukua yambwa, lakini vinataja hali. “Mpende” hakuna anayeweza kulitekeleza kabla ya pazia kufungwa. Kwa hiyo napendekeza vipimo vitatu vya kitenzi kinachomfaa mwigizaji. Kwanza, je, kina yambwa ambayo ni mtu aliyepo? Pili, je, mwigizaji anaweza kuanza kukitenda sasa hivi? Tatu, je, ataweza kuona usoni mwa mwenzake kama amefanikiwa au ameshindwa? “Mbembeleze” hufaulu vipimo vyote. “Mpende” hufaulu cha kwanza tu.

5.0 Zoezi la Neno Moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana aliondoka nyumbani Kambarage, mjini Shinyanga, akaenda Geita kuchimba dhahabu pamoja na wachimbaji wadogo. Baada ya miaka mitatu anarudi mikono mitupu. Mama yake yuko uani anapepeta mchele. Anainua kichwa na kusema neno moja: “Umerudi.”

Kiambishi -me- kinasema tendo limekamilika na matokeo yake yapo. Zaidi ya hapo, sarufi imenyamaza. Mwalimu akimwambia mwigizaji “una furaha iliyochanganyika na uchungu”, atapata uso uliochanganyikiwa. Badala yake ampe vitenzi, kimoja baada ya kingine. Mkaribishe: kiimbo hupanda, mikono huacha ungo. Mshutumu: silabi ya “-ru-” hubeba uzito, macho hushuka hadi mikononi mwa kijana. Mnyamazishe: neno hutoka upesi kabla hajaanza kueleza habari za duara lililoporomoka. Msamehe: sauti hushuka, na kimya kinachofuata hurefuka.

Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kitenzi kilichojificha nyuma yake. Aidha, kijana anayepokea neno hilo hana budi kubadilika naye, kwa sababu kukaribishwa na kushutumiwa haviitikiwi kwa namna moja. Mkamilifu wa zoezi hili anaweza kufanya bila maneno kabisa. Katika filamu ya Maangamizi (2001), Amandina Lihamba aliigiza nafasi ya Samehe, mgonjwa aliyezama katika ukimya. Mhusika wa namna hiyo hawezi kujengwa kwa matamshi. Hujengwa kwa kile anachowafanyia, na anachokataa kuwafanyia, wale wanaomsemesha.

6.0 Kumbukumbu Husema Lugha Gani?

Wafuasi wa Mbinu watauliza: je, mnaitupa kumbukumbu? Hapana. Mazoezi ya Strasberg ya kulegeza misuli na kukusanya mawazo yana faida kwa kila mwigizaji, na hakuna anayeigiza bila kuchota katika aliyoyaona maishani. Lakini kwa mwanafunzi wa Kitanzania kumbukumbu ya hisia inaleta matatizo mawili.

La kwanza ni la lugha. Kisukuma kina irabu saba na toni inayotofautisha maana. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni ya namna hiyo. Kijana wa Geita aliyelia msiba wa bibi yake kwa Kisukuma, akitakiwa kuurejea msiba huo na papo hapo kutamka maneno ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, atapata hisia yenye kiimbo kimoja na maneno yenye kiimbo kingine. Mara nyingi hulegea kimojawapo. Na kiimbo cha Kisukuma kikisikika katika Kiswahili chake, hadhira ya mjini hucheka, kwa kuwa imezoeshwa na vichekesho kumwona Msukuma kama mshamba. Mwanafunzi huyo hujifunza upesi kuficha sauti yake, na anayeficha sauti hufunga na kifua.

Kitenzi cha tendo huvuka lugha kwa urahisi zaidi. Mwalimu amruhusu mwanafunzi alicheze onyesho kwanza kwa Kisukuma, akimbembeleza mwenzake kwa namna wanavyobembelezana nyumbani kwao. Kisha alirudie kwa Kiswahili, kitenzi kikiwa kile kile. Matamshi ya Kiswahili yatafundishwa kwa wakati wake, kama stadi, bila kuufanya mwili wa mwanafunzi uone aibu.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Shinyanga na mikoa jirani imeshuhudia kwa miaka mingi mauaji ya vikongwe, wengi wao wanawake waliotuhumiwa uchawi. Hata macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyaleta, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Maonyesho dhidi ya uovu huo ni ya lazima. Lakini katika darasa la vijana ishirini kutoka huko, mwalimu hajui nani amepoteza bibi, wala nani anatoka katika ukoo uliotuhumu. Kumwamuru mwanafunzi achimbue kumbukumbu hiyo mbele ya wenzake ni kufungua kidonda ambacho mwalimu wa maigizo hana dawa yake. Kumpa kitenzi, “mtetee”, “mfiche”, “wazuie”, ni kumpa kazi anayoweza kuianza na kuimaliza.

Waigizaji wetu wa filamu wana msemo, “kuvaa uhusika”. Wapo wanaouona kuwa duni kwa sababu nguo hukaa nje ya mwili. Mimi nauona kuwa na hekima. Kinachovaliwa huvuliwa, na aliyeigiza mtuhumu wa uchawi kijijini kwake anahitaji sana kuvua kabla ya kwenda kuwaamkia wazee.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mgogoro wa Strasberg na Adler, ukitazamwa kwa Kiswahili, unakuwa pia suala la uchaguzi wa vitenzi: vya hali au vya tendo, vyenye mtu au visivyo na mtu. Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu. Walimu wa uigizaji na wanaisimu wakae pamoja waandae orodha ya vitenzi vya mazoezi, vilivyopimwa jukwaani na si mezani tu. Uchambuzi wa tamthilia katika shule za sekondari uache kuishia kwenye dhamira na wasifu wa wahusika. Mwanafunzi aulizwe pia kila mhusika anamfanyia nini mwenzake katika kila kauli. Na lugha za jamii zikaribishwe katika chumba cha mazoezi, hata kama onyesho lenyewe ni la Kiswahili.

Kazi hii haihitaji majengo mapya. Inahitaji mwalimu atakayekuwa mwangalifu na viambishi anavyovitumia siku ya kwanza ya mazoezi.